Sura ya Sita: Uliridhia Lini?

Mwaka 2015 jimbo la Arizona lilipitisha sheria ambayo majimbo mengine ya Marekani yaliiga upesi: mwanafunzi wa sekondari hahitimu mpaka afaulu mtihani wa uraia. Hakuna aliyehangaika kutunga maswali mapya. Yalichukuliwa yaleyale 100 ambayo maofisa wa uhamiaji walikuwa wakiwauliza wageni wanaoomba uraia, na kijana alitakiwa kupata 60. Sheria kuu ya nchi ni ipi? Nani aliandika Tangazo la Uhuru? Maseneta wako wangapi? Majibu ni mafupi, na serikali yenyewe imeyachapisha pamoja na maswali yake.

Waswahili walioko kule wanayajua maswali haya kwa ghibu. Familia zilizokimbia vita vya Kivu, zikakaa miaka katika kambi za Nyarugusu au Kakuma kabla ya kupata nafasi ya kwenda Marekani, zimekesha nayo mezani: mama akijiandaa kwa usaili wa uraia, na katika majimbo yenye sheria hiyo, binti naye akijiandaa kwa mtihani wa shule, wakiulizana swali lilelile. Kwa mama sina neno. Anakwenda kukaa dakika chache mbele ya ofisa, na anachokitafuta ni hati itakayomhakikishia kwamba hatafukuzwa mahali tena. Ninayemwonea uchungu ni binti. Ana mwalimu, ana mwaka mzima wa masomo, yuko katika umri ambao mtu hupenda kubishia kila aambiwalo, halafu anapewa kilekile alichopewa mama yake, yaani jibu la mstari mmoja.

Serikali ya Marekani iliasisiwa na watu waliogombana kwa miaka. Waliogopa vitu tofauti, wakaandikiana makala za kushambuliana magazetini, na baadhi yao waliondoka mkutanoni bila kutia saini. Kijana akikabidhiwa matokeo ya ugomvi ule bila ugomvi wenyewe, msingi haujui, hata akipata 100 kwa 100. Nasema hivi nikijua kwamba kukariri kuna kazi yake; huwezi kubishana kuhusu Seneti kama hujui Seneti ni nini. Lakini sheria ya aina ya Arizona inaishia pale somo linapopaswa kuanza.

Njia bora ninayoijua ya kuufundisha ugomvi huo ilianza mwaka 1987, Katiba ya Marekani ilipotimiza miaka 200. Taasisi ya California iitwayo Center for Civic Education ilianzisha programu ya We the People, ikiungwa mkono na tume ya maadhimisho iliyoongozwa na Warren Burger, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amestaafu Ujaji Mkuu. Darasa zima husoma kitabu kimoja, kisha hugawanyika makundi sita. Kundi la kwanza hubeba misingi ya kihistoria na ya kifalsafa. Mengine huchukua jinsi Katiba ilivyoundwa, ilivyobadilishwa, inavyofanya kazi, haki inazozilinda, na changamoto zinazoikabili leo. Mwishoni kila kundi hukalishwa mezani kama mashahidi walioitwa mbele ya kamati ya Bunge. Wanaowakabili ni majaji, watu wazima kutoka nje ya shule, mara nyingi wanasheria au walimu wa vyuo. Vijana wana dakika nne za kusoma hoja walizoandaa. Baada ya hapo karatasi huwekwa kando, na kwa dakika sita majaji huuliza watakalo.

Uzito wote uko katika dakika sita hizo. Zile nne za mwanzo zinaweza kuwa zimeandikwa na mwalimu, au na mzazi mwanasheria, na kijana akazisoma kwa sauti ya kupendeza bila kuelewa nusu yake. Sasa tuseme kundi la kwanza limemaliza kusoma. Limeeleza kwamba kwa mujibu wa mwanafalsafa Mwingereza John Locke, serikali halali hutokana na ridhaa ya wanaotawaliwa. Jaji anamgeukia mmoja wao na kumuuliza: "Wewe una miaka 17. Hujawahi kupiga kura. Uliridhia lini?"

Hapo hakuna jibu la mstari mmoja. Kijana aliyesoma vizuri atakumbuka kwamba Locke alilijua tatizo hili, akasema kwamba mtu anayetumia barabara za nchi na kufaidi ulinzi wa sheria zake ameridhia kimyakimya. Mwenzake aliye pembeni anaweza kukataa: mtu ahame aende wapi, kwa nauli ya nani, akaongee lugha gani? Akisema hivyo amefika pale alipofika mwanafalsafa David Hume mwaka 1748, alipoandika kwamba mkulima maskini, asiye na uwezo wa kuhama wala lugha ya kigeni, hawezi kuhesabiwa kuwa amechagua kubaki. Huenda kijana huyo hajamsoma Hume hata ukurasa mmoja. Amefikishwa huko na swali, mbele ya watu, moyo ukimdunda, na sidhani kama atalisahau.

Walimu wengi huikwepa falsafa wakiamini ni nzito mno kwa vijana wa sekondari. Mimi naona kinachowalemea ni falsafa iliyong'olewa mahali ilipoota. Thomas Hobbes hufundishwa kama mtu aliyesema binadamu ni wabaya, basi. Hafundishwi kama mkimbizi. Mwaka 1640, Bunge na mfalme wa Uingereza walipoanza kushikana mashati, Hobbes alikimbilia Paris, akakaa huko zaidi ya miaka kumi. Nyuma yake vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaichana nchi, na Januari 1649 mfalme Charles wa Kwanza akakatwa kichwa hadharani. Kitabu cha Hobbes, *Leviathan*, kilitoka mwaka 1651. Hoja yake kwamba ni afadhali mtawala mmoja mwenye nguvu zote kuliko maisha ambamo kila mtu anamhofia jirani yake, usiku na mchana, iliandikwa na mtu ambaye nchi yake ilikuwa ikiungua. Katika darasa la Marekani lenye watoto waliotoka mashariki ya Kongo, hoja hii ina watu wanaoijua. Wanajua maana ya mahali ambapo mwenye bunduki ndiye sheria. Mwalimu akiwapa nafasi, hao ndio watakaomfundisha Hobbes kwa wenzao.

Halafu ndipo Locke aingie, akiwa na jibu la kizazi kilichofuata. Kizazi hicho kilikuwa kimemwona mfalme mwingine, James wa Pili, akitumia madaraka yake bila kujali sheria, hadi akakimbia nchi mwishoni mwa 1688. Mwaka uliofuata Bunge likawapa William na Mary taji la James, na likaziweka haki zake na mipaka ya mfalme katika maandishi. Mwaka huohuo 1689 Locke alichapisha kitabu chake kuhusu serikali bila kuweka jina lake. Kwake serikali ni amana. Watu hawakukabidhi haki zao ili ziliwe. Walikabidhi kazi ya kuzilinda, na aliyekabidhiwa akiikhini amana ile, wenyewe wana haki ya kuichukua. Hobbes alimwogopa jirani, Locke akamwogopa mlinzi. Mfumo mzima wa Marekani, wenye rais anayepewa jeshi lakini ananyimwa mfuko wa fedha, na majaji wasiofukuzwa na yeyote kwa kumuudhi, ni jaribio la kuziheshimu hofu zote mbili kwa pamoja.

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo walimu wengi huipita kwa kasi.

Juni 1776 Thomas Jefferson, mwenye miaka 33, alikuwa amekodi vyumba viwili katika nyumba ya fundi mwashi mjini Philadelphia. Humo ndimo alimoandika rasimu ya Tangazo la Uhuru, lenye kusema kwamba watu wote wameumbwa sawa na kwamba wana haki ambazo hakuna awezaye kuwanyang'anya. Aliyekuwa akimhudumia katika safari ile ni Robert Hemings, mvulana wa miaka 14, umri wa mtoto anayeanza sekondari ya Marekani. Robert alikuwa mtumwa wake. Alikuwa pia shemeji yake, kwa maana baba yake Robert, John Wayles, ndiye aliyekuwa baba wa mke wa Jefferson. Katika maisha yake Jefferson alimiliki watu zaidi ya 600. Rasimu yake ilikuwa na aya kali iliyomlaumu mfalme wa Uingereza kwa biashara ya watumwa. Bunge la makoloni likaifuta aya nzima. Naye Locke, mwanafalsafa wa uhuru, alikuwa na hisa katika Royal African Company, kampuni iliyosafirisha watumwa kutoka Afrika Magharibi.

Darasani naona njia mbili rahisi, na zote zinamdhulumu mwanafunzi. Moja ni kumficha Robert Hemings ili Jefferson abaki safi. Ya pili ni kusema kwamba kwa kuwa mwandishi alikuwa na watumwa, basi maneno yake ni uongo mtupu, tufunge kitabu. Ya pili inavutia zaidi kwa vijana, kwa sababu inaonekana ya kijasiri. Lakini waliopigana na utumwa, wakiwemo waliokuwa watumwa wenyewe, hawakuishia hapo. Waligombana sana juu ya hati hizi, na ugomvi wao ni darasa tosha.

William Lloyd Garrison, mhariri Mzungu wa Boston aliyepigania kukomeshwa kwa utumwa, aliamini Katiba ni maafikiano na dhambi. Tarehe 4 Julai 1854, huko Framingham, Massachusetts, aliichoma nakala yake mbele ya umati. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa huko Maryland akatoroka, kwanza alikubaliana na Garrison, kisha akaachana naye. Katika hotuba yake ya Rochester, tarehe 5 Julai 1852, aliwauliza wenyeji wake Wazungu sikukuu yao ina maana gani kwa mtumwa, akawavua nguo kwa maneno. Katika hotuba hiyohiyo alisema kwamba Katiba, ikisomwa jinsi ilivyoandikwa, ni hati ya uhuru. Watu wawili, adui mmoja, hati moja, hukumu mbili. Mwalimu hahitaji kutoa hukumu ya tatu. Anachotakiwa ni kuwapa wanafunzi vifungu vyenyewe: kile kilichomhesabu mtumwa kama tatu ya tano ya mtu katika kugawa viti vya Bunge, kile kilicholizuia Bunge kupiga marufuku uingizaji wa watumwa kabla ya 1808, kile kilichoamuru mtoro arudishwe. Wajiulize pia kwa nini waandishi walizunguka sana ili wasiutaje utumwa kwa jina lake. Kisha nusu ya darasa imtetee Garrison na nusu Douglass, na wiki inayofuata wabadilishane.

Kuhusu mkutano wa Philadelphia wa 1787 wenyewe nitasema machache, maana hufundishwa vya kutosha: wajumbe 55 kutoka majimbo 12, Rhode Island ikisusa, mlango ukiwa na walinzi, saini 39 mwishoni. Kinachosahaulika ni kilichowasukuma. Serikali iliyotangulia haikuweza kutoza kodi hata senti, na majira ya baridi yaliyoutangulia mkutano wakulima wa magharibi ya Massachusetts, wengi wao askari waliopigana vita vya uhuru na sasa wakidaiwa madeni, walifunga mahakama na kuliendea ghala la silaha la Springfield wakiongozwa na Daniel Shays. Wenye mali walishikwa na hofu. James Madison, mmoja wa wajumbe, alitoka na wazo kwamba dawa ya vikundi vinavyotaka kuwaonea wengine ni nchi kubwa, ambamo vikundi ni vingi mno hata hakuna kimoja kinachoweza kuwameza wengine.

Huko New York mwandishi aliyejiita Brutus alimpinga. Alisema jamhuri kubwa haiwezi kuwajua watu wake. Mbunge atakaa mbali na waliomtuma, jeshi la kudumu litawatisha raia, na majaji wa juu watakuwa watawala wasio na wa kuwauliza. Alidai pia, kama George Mason aliyegoma kutia saini kule Philadelphia, kwamba haki za raia ziandikwe. Alexander Hamilton, mtetezi wa Katiba mpya, akajibu kwamba haki hizo hazihitaji kuandikwa, na kuziandika kunaweza hata kuleta hatari. Kila upande ulimnukuu mwanafalsafa wa Kifaransa Montesquieu ili kumpiga mwenzake. Katika madarasa mengi makala za Madison na Hamilton husomwa na za Brutus huachwa, kwa kuwa upande wake ulishindwa kura. Huo ni upungufu mkubwa. Hati ya Haki iliyoidhinishwa mwaka 1791, ile inayolinda uhuru wa kusema, wa dini na wa vyombo vya habari, ipo kwa sababu walioshindwa walipiga kelele mpaka washindi wakaahidi kuiandika. Kijana asiyemsoma Brutus anaweza kudhani haki zile zilitolewa kama sadaka.

Mwaka uleule wa 1987 Burger alipokuwa akiongoza shamrashamra za miaka 200, jaji mwingine wa Mahakama ya Juu alikataa kuimba pamoja naye. Thurgood Marshall, Mweusi wa kwanza kuketi katika mahakama ile, aliwaambia wanasheria waliokusanyika Maui, Hawaii, kwamba serikali iliyobuniwa na waasisi ilikuwa na kasoro tangu mwanzo, na kwamba ilihitaji vita na marekebisho mengi kabla ya kustahili sifa inayopewa. Aliheshimu Katiba, lakini Katiba aliyoiheshimu ilikuwa imeandikwa pia na watu ambao hawakualikwa Philadelphia.

Baadhi yao walikuwa wanafunzi wa sekondari. Shule ya Robert Russa Moton huko Farmville, Virginia, ilijengwa kwa wanafunzi Weusi 180. Kufikia 1951 ilikuwa na zaidi ya 450, wengine wakisomea katika vibanda vya karatasi ya lami ambamo baridi ilipenya na mvua ikavuja. Tarehe 23 Aprili msichana wa miaka 16, Barbara Johns, alihakikisha mkuu wa shule anapigiwa simu ya kumtoa shuleni, akatuma ujumbe madarasani kwamba wote wanaitwa ukumbini, kisha akapanda jukwaani na kuwaomba wenzake wagome. Waligoma wiki mbili. Mawakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, walipokuja, waliwaambia vijana kwamba hawatapigania jengo jipya; watachukua kesi ikiwa tu wazazi watakubali kuupinga ubaguzi wenyewe. Wazazi wakakubali. Kesi yao ilikuwa mojawapo ya zile ambazo Mahakama ya Juu iliziamua kwa pamoja mwaka 1954 katika Brown dhidi ya Board of Education, na kiongozi wa mawakili alikuwa Thurgood Marshall. Ukiwafundisha vijana wa miaka 16 kuhusu usawa na ukamwacha Barbara Johns nje, sijui unamfundisha nani. Hata hivyo wasisimuliwe ushindi tu. Wilaya ile, kuliko kuwachanganya watoto, ilifunga shule zake zote za umma kuanzia 1959 hadi 1964, na watoto wengi Weusi wakapoteza miaka ya masomo isiyorudi.

Marshall ana sura nyingine ambayo madarasa ya Marekani karibu yote hayaijui, na ambayo wasomaji wa Kiswahili tunapaswa kuijua kuliko wote. Mapema mwaka 1960, kwa mwaliko wa Tom Mboya, alikwenda Nairobi, kisha akaketi Lancaster House, London, kama mshauri wa wajumbe Waafrika katika mazungumzo ya katiba ya Kenya. Kazi aliyokabidhiwa ni kuandika rasimu ya hati ya haki. Maisha yake yote alikuwa ametumia sheria kuwakinga Weusi wachache dhidi ya Wazungu wengi. Sasa wengi walikuwa Waafrika, na waliotetemeka ni walowezi wa Kizungu na Wahindi wenye maduka. Marshall aliandika ulinzi kwa ajili yao pia, pamoja na fidia kwa mali itakayochukuliwa, katika nchi ambamo ardhi bora ilikuwa imeporwa kutoka kwa wenyewe katika kumbukumbu ya watu waliokuwa hai.

Je, alifanya haki? Hoja ya kumpinga ina nguvu: kumlinda mwenye shamba bila kuuliza alilipataje ni kuubariki wizi. Hoja ya kumtetea nayo ina nguvu: haki inayoondoka pamoja na wingi wa kura haikuwa haki, na Marshall alilijua hilo kutokana na Virginia na Mississippi. Locke anaweza kuitwa na pande zote mbili, kwa maana ndiye aliyeiweka mali kati ya haki za asili, na ndiye pia aliyesema mali hiyo huanza kwa jasho la anayeilima ardhi.

Rasimu ya Marshall ina jambo jingine. Iligusa elimu, afya, ustawi wa jamii na haki ya kufanya kazi, mambo ambayo hati ya 1791 haiyagusi popote. Mwalimu wa Ohio au Texas akiziweka hati hizo mbili mezani, ya mwaka 1791 na ya mwaka 1960, vijana wake wataiona tofauti hiyo wenyewe kabla hajafungua mdomo. Kisha awaulize kwa nini wakili bora kuliko wote ambao Marekani ilikuwa nao wakati ule, alipopewa karatasi tupu, aliwaandikia Wakenya haki ambazo watu wake mwenyewe hawakuwa nazo katika Katiba, na hawanazo hadi leo.